Tumeshinda, Wameshindwa

Ni nani asiyeijua raha ya kusema "tumeshinda"? Tarehe 2 Februari 2024, huko Abidjan, timu ya taifa ya Kongo iliifunga Guinea mabao 3 kwa 1 katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa Epulu, kijiji kilichopo katika njia ya kutoka Kisangani kwenda Bunia, pale barabara inapouvuka mto wenye jina hilohilo. Kijana huyo hajapata kufika Abidjan, wala hajapata kumwona kwa macho hata mchezaji mmoja. Habari ameipata katika simu ya jirani. Hata hivyo atoka nje mbio, apiga kelele barabarani: "Tumeshinda!" Siku tano baadaye timu ileile yafungwa na Côte d'Ivoire bao 1 kwa 0, nayo yaondolewa katika safari ya kombe. Kijana yuleyule aingia uani kwao polepole. Babu yake amwuliza, "Habari ya mpira, mjukuu wangu?" Naye ajibu, "Wameshindwa, babu."

"Ijumaa ulisema mmeshinda," asema mzee. "Leo wewe ulikuwa wapi?"

Kijana acheka, kwa kuwa babu ana haki ya kumtania mjukuu wake. Lakini ndani ya utani huo mna swali ambalo yafaa lichunguzwe kwa dhamiri tulivu. Silabi moja tu imebadilika mdomoni mwa kijana. Siku ya furaha alisema "tu", na siku ya huzuni akasema "wa". Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Basi yafaa kuuliza: watu wakimtuma mwenzao, naye akashindwa, ni nani aliyeshindwa? Na wale waliomtuma wana wajibu gani kwake?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno makubwa kwa jambo dogo. Mpira ni mchezo, nao mchezo hauna budi kuwa na mshindi na mshindwa. Kesho watoto watacheza tena. Neno hili lina ukweli wake, na heri ingekuwa hivyo daima. Walakini, palipo bendera na wimbo wa taifa, palipo fedha ya umma na ndege iliyokodiwa, palipo rais anayengojea matokeo, hapo mchezo umekwisha kuvikwa vazi jingine. Wachezaji hawaendi kwa jina lao. Wao ni wajumbe. Nao wahenga walikwisha kusema kwamba mjumbe hauawi. Hawakusema hivyo kwa sababu mjumbe daima huleta habari njema, maana anayeleta habari njema hahitaji kulindwa na methali. Walisema hivyo kwa ajili ya yule arudiye na habari mbaya.

Kwanza lazima kutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Kuondolewa katika mashindano si sawa na kushindwa, wala kushindwa si sawa na kuzembea. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1974, lililochezwa Ujerumani ya Magharibi, Uskoti iliifunga Zaire, ikatoka sare na Brazil, ikatoka sare na Yugoslavia. Haikufungwa mechi hata moja, lakini iliondolewa kwa hesabu ya mabao. Kinyume chake, Kongo ya mwaka 2024 haikushinda mechi hata moja katika kundi lake. Ilitoka sare na Zambia, na Morocco, na Tanzania, kisha ikapita, na baada ya kuishinda Misri kwa penalti 8 kwa 7, mlinda lango Lionel Mpasi akipiga ile ya mwisho, ikafika nusu fainali. Kwa hiyo anayetaka kupima roho ya mtu kwa ubao wa matokeo apima maji kwa tenga.

Na hilo Kombe la Dunia la mwaka 1974 ndilo lililoacha jeraha ambalo Wakongo wa umri mkubwa hawajalisahau. Nchi iliitwa Zaire wakati huo, na timu yake iliitwa Chui. (Kwa watu wa Epulu chui si picha ya kushonwa katika fulana. Ni mnyama wa msitu huu, adui mkubwa wa okapi na ndama wake.) Desemba 1973 Chui walikuwa wameifunga Morocco 3 kwa 0 mjini Kinshasa, na kwa ushindi huo wakawa timu ya kwanza ya Afrika ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Machi 1974, huko Misri, walitwaa Kombe la Afrika. Fainali yao na Zambia ilikwisha kwa mabao 2 kwa 2, ikabidi irudiwe, wakashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, ambaye katika mashindano yale alifunga jumla ya mabao 9. Wachezaji walisimulia kwamba baada ya kufuzu kwenda Ujerumani kila mmoja wao alipewa na Rais Mobutu nyumba na gari. Nchi nzima ilisema "tumeshinda".

Kisha ukaja mwezi wa Juni. Tarehe 14, mjini Dortmund, walifungwa na Uskoti mabao 2 kwa 0, nao hawakucheza vibaya. Tarehe 18, mjini Gelsenkirchen, walifungwa na Yugoslavia 9 kwa 0. Tarehe 22, mjini humohumo, Brazil iliwafunga 3 kwa 0. Mabao 14 waliyofungwa, wala hawakufunga hata moja.

Tisa kwa bila! Msomaji aweza kusema kwamba huu sasa si ushinde wa kawaida, kwamba hapa uzembe ulikuwapo. Basi na atazame vizuri yaliyotokea kabla ya mechi ile. Wachezaji walieleza baadaye kwamba walikuwa wameahidiwa fedha, na walipokuwa huko ugenini wakapata habari kwamba fedha hizo hazitafika mikononi mwao. Zimeliwa njiani na wakubwa waliofuatana na timu. Walikusudia kugoma wasicheze. Mwishowe walishawishiwa kuingia uwanjani, lakini waliingia kama mtu aendaye shambani kwa bwana aliyekwisha kumdhulumu.

Hapa pana fundo la kweli, nalo halifunguliki kwa haraka. Je, mtu aliyedhulumiwa na viongozi wake ana haki ya kulegeza mikono mbele ya watu waliomtuma? Jibu rahisi ni kwamba hana. Mwalimu asiyelipwa mshahara akiwaacha watoto bila kuwafundisha, dhuluma aliyotendewa na wakubwa yawaangukia wadogo wasio na kosa. Na mamilioni waliokuwa wakisikiliza redio siku ile hawakuwa wamekula fedha ya mtu. Jibu hili ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu. Aliyetumwa si mtumwa. Anayemtuma mtu ana deni la kumpa masurufu ya njia, na kama masurufu yameibwa, yampasa amtafute mwizi kabla ya kumwuliza mjumbe kwa nini amechelewa. Kosa la mchezaji aliyelegea lilikuwa kosa, lakini liliwekwa juu ya kosa kubwa zaidi, nalo kosa kubwa halikuonekana katika picha za televisheni, maana mtu anayekula fedha ya wenzake hafanyi hivyo mbele ya kamera. Watu waliona kile kilichoonekana, wakahukumu hicho. Wala haijulikani kwa hakika ni nani kati ya wale kumi na mmoja aliyelegea na ni nani aliyejitahidi hadi pumzi ya mwisho.

Mechi ileile ilitoa mfano wa hukumu ya namna hiyo, mfano ambao hata mtungaji wa hadithi angeuogopa kwa jinsi ulivyo wazi. Dakika kama 20 zilikuwa zimepita, na mlinda lango Kazadi Mwamba alikuwa amekwisha kufungwa mabao matatu. Kocha, Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Yugoslavia, alimtoa Kazadi akamwingiza Dimbi Tubilandu. Mara bao la nne likaingia. Wazaire wakamzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia, wakilalamika kwamba bao si halali, na katika vurugu ile mmoja wao akampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Aliyempiga alikuwa Mwepu Ilunga, mlinzi. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akampa Ndaye Mulamba.

Ndaye hakuwa amemgusa. Alikana, wala kukana kwake hakukusikilizwa. Mwepu alieleza baadaye kwamba alijitaja mwenyewe kuwa ndiye mkosaji, lakini haikusaidia. Basi yule mfungaji bora wa Afrika akatoka uwanjani kwa kosa la mwenzake, na mwenye kosa akabaki akicheza, tena akacheza hata mechi iliyofuata. Mtu mmoja aliwatazama watu wawili wasiofanana, akaona kitu kimoja tu: Wazaire. Hapo tena silabi ile ndogo yatokea. Kwa macho ya mgeni wote walikuwa "wao", na kati ya "wao" haikumpasa mtu kuuliza ni yupi.

Yafaa kusema kwamba Delgado hakuwa wa ajabu kuliko wengine. Kila mmoja aliyesema baadaye "Wazaire hawajui mpira" alifanya kama yeye. Tena, na hili ndilo chungu zaidi, ndugu waliokuwa nyumbani walifanya vivyo hivyo. Mgeni alikosea kwa kuwa hakuwajua. Wao walikosea ingawa waliwajua kwa majina na kwa vijiji vyao.

Siku nne baadaye, katika mechi ya Brazil, lilitokea jambo lililochekesha dunia. Wabrazili walipewa mpira wa adhabu karibu na lango la Zaire. Waliuweka, wakajipanga. Kipenga kilipolia, kabla Mbrazili yeyote hajaugusa, Mwepu Ilunga alichomoka kutoka katika ukuta wa wenzake akaupiga mpira mbali sana. Alionyeshwa kadi ya njano. Watangazaji walicheka, na kwa miaka mingi picha ile ilionyeshwa kila penye vichekesho vya mpira, pamoja na maelezo kwamba huyu Mwafrika hakujua sheria. Hawakujiuliza swali jepesi: mtu wa timu iliyokuwa bingwa wa Afrika, katika nchi ambayo klabu yake ya Vita ilikuwa imetwaa kombe la klabu za Afrika mwaka 1973, angewezaje kutojua sheria ambayo watoto wa shule huijua?

Baada ya miaka mingi Mwepu mwenyewe alieleza. Alisema kwamba baada ya yale mabao tisa walinzi wa Rais waliwafikia wachezaji na kuwaambia kwamba wakifungwa na Brazil mabao manne, hakuna atakayerudi nyumbani. Alisema kwamba alizijua sheria, na kwamba aliupiga mpira kwa makusudi. Mtu huyo alikuwa akicheza na hofu mgongoni na hasira kifuani, ilhali waliotazama waliona kichekesho. Alifariki mwaka 2015, na hata siku hiyo waliomtaja ugenini walimtaja kwa teke lile.

Je, ni dhambi kucheka? La; anayeteleza penye tope huchekwa, naye hucheka pamoja na wanaomcheka. Lakini kicheko kina sharti lake, nalo ni kwamba anayecheka ajue kwanza kama aliyeanguka ameteleza au amesukumwa.

Watu wa msitu wa Ituri wana njia yao katika mambo haya, na haingefaa kuipita. Wambuti wa pande za Epulu huwinda kwa nyavu. Wanaume husimama na nyavu zao zilizoungana kama ukuta mrefu, nao wanawake na watoto huwasukuma wanyama kwa kelele. Mnyama akiponyoka katika wavu wa mmoja, ni kambi nzima inayokosa nyama, na aliyeshika wavu ule hatengwi kwa hilo. Hata mwenye hatia hatengwi moja kwa moja. Mwanazuoni Colin Turnbull, aliyekaa Epulu katika miaka ya 1950, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1961 habari ya mwindaji mmoja aliyetega wavu wake kwa siri mbele ya nyavu za wenzake ili apate nyama kwanza. Huyo hakuwa ameshindwa, alikuwa amewaibia. Kambi ilimgeuzia uso. Hakupewa hata mahali pa kukaa, nyama yake ilichukuliwa, naye akalia machozi. Lakini usiku ulipoingia, ndugu mmoja alinyanyuka na chungu cha nyama akampelekea, na baadaye mtu yule alionekana ameketi na wenzake akiimba nao. Walikuwa wamemkaripia vikali kwa sababu alikuwa wao, na walimlisha kwa sababu hiyohiyo. Basi ikiwa mwizi wa nyama alipata sahani yake usiku uleule, aliyepigwa mabao tisa alistahili nini?

Sasa na turudi Abidjan, kwa maana tarehe 7 Februari 2024 halikutokea bao tu. Kabla ya mechi, wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Kongo walisimama katika mstari, wakaziba midomo yao kwa kiganja cha mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani mfano wa bunduki. Kocha wao, Sébastien Desabre, aliye Mfaransa, alifanya kama wao. Maana yake ilikuwa wazi: watu wanauawa mashariki ya Kongo, na dunia imenyamaza. Wengi kati ya vijana wale hucheza Ulaya, na wengine wamezaliwa hukohuko. Wangeweza kusema "wao" juu ya watu wa Ituri na wa Kivu, wala hakuna ambaye angewalaumu. Walichagua kusema "sisi", tena kwa midomo iliyofungwa.

Hapa Epulu maana ya ishara ile haikuhitaji mkalimani. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walikishambulia kituo cha Hifadhi ya Okapi, wakaua watu, walinzi wa wanyama wakiwamo, na kuwaua okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Habari ilienea ulimwenguni, na katika masimulizi mengi okapi walitangulia mbele ya watu. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya dharura katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, na mikoa hiyo ikawekwa chini ya maofisa wa jeshi. Mtu wa hapa ajua mkono uliozibwa mdomoni ni kitu gani.

Dakika ya 65 Sébastien Haller, ambaye mwaka 2022 alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani na kisha akapona, aliifungia Côte d'Ivoire bao lile moja. Kongo ikaondolewa. Siku tatu baadaye ilicheza na Afrika Kusini kuwania nafasi ya tatu, ikatoka sare bila bao, ikashindwa kwa penalti 6 kwa 5. Kwa hesabu ya vikombe hawakuleta kitu nyumbani. Lakini yule kijana wa Epulu aliyesema "wameshindwa" alikuwa akizungumza juu ya watu ambao, saa mbili tu kabla, walikuwa wamesimama mbele ya Afrika nzima wakimtaja yeye.

Hapo ndipo lilipo kosa la silabi ile. Haitoki katika ubaya wa moyo. Mara nyingi hutoka katika maumivu, maana mtu huuondoa mkono wake haraka penye moto. Ila aliyepokea sehemu ya ushindi bila kutoa jasho hawezi kwa haki kukataa sehemu yake ya ushinde. Kama aliweza kushinda akiwa amekaa uani Epulu, basi aliweza kushindwa akiwa amekaa palepale. Kukosoa kunaruhusiwa, tena kunatakiwa: kusema nani alikosea, nani alikula fedha, nani alichaguliwa kwa undugu badala ya ustadi. Hayo yote yaweza kusemwa kwa neno "tumekosea wapi?", na mtu asemaye hivyo huuliza kwa bidii zaidi kuliko anayewasema wengine, kwa kuwa anatafuta dawa ya ugonjwa wake mwenyewe.

Na je, deni kwa mjumbe hudumu muda gani? Ndaye Mulamba alialikwa Tunis mwaka 1994 katika Kombe la Afrika, akaheshimiwa mbele ya watu kwa mabao yake ya miaka 20 iliyotangulia. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amerudi na fedha nyingi, wakampiga risasi mguuni. Baadaye alikimbilia Afrika Kusini, akaishi huko maisha ya mkimbizi. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika lililochezwa Burkina Faso, ilitangazwa kwamba amefariki. Watu walisimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka. Naye alikuwa hai. Mara ya pili katika maisha yake alikuwa amechukuliwa kuwa mtu mwingine, na mara hii pia hapakuwa na mtu aliyekwenda kwanza kumtazama usoni. Alifariki mjini Johannesburg mwezi Januari 2019, na hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyekuwa amefikisha mabao 9 katika Kombe moja la Afrika.